Jiwe la mjomba lina gundi, na mteja ananiuliza mimi

BARUA

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu libaki kwako. Hata mtaa usiutaje, maana wafanyabiashara wa mawe hapa Arusha tunajuana wote. Mtu akikohoa kule machimboni Mirerani asubuhi, mchana kuna anayempa pole mjini.

Nina miaka 29. Mama yetu alifariki mimi nikiwa darasa la sita, mdogo wangu wa kiume hata shule hajaanza. Baba alishaondoka kitambo. Aliyetuchukua ni mjomba, kaka yake mama, tumbo moja. Enzi hizo alikuwa dalali wa kutembea tu, mawe yamefungwa kwenye karatasi mfukoni, na nyumbani kwake kulikuwa vyumba viwili na watoto wanne. Tukaongezeka sisi. Sijawahi kumsikia yeye wala mkaza mjomba akitusimanga kwa chakula. Naanza na hili ili unielewe nikisema nimekwama.

Siku hizi mjomba ana leseni na duka dogo. Mawe ya kukatwa anauza, ila wateja wake wazuri ni wa spesimeni, yaani mawe yanayobaki kama yalivyotoka ardhini, fuwele bado imekaa kwenye mwamba wake. Kwatzi ndizo nyingi: nyeupe, za rangi ya moshi, amethisti, na zile za kijivu za Mirerani zilizomeza kinywe (grafiti, ile nyeusi ya penseli) ndani. Pia tuna tanzanaiti ambayo haijachomwa, savoraiti (ile garneti ya kijani), diopsaidi, prehnaiti, kalsaiti. Wanunuzi karibu wote ni wa nje, wanaweka kabatini na kuangalia.

Mimi ndiye ninayeosha. Tope natoa kwa maji na mswaki, kutu natoa kwa asidi, kisha napiga picha, naandika lebo na kuwajibu wateja kwenye WhatsApp. Na kuunga naunga pia. Baruti ikipigwa shimoni fuwele nyingi zinakatika, na ikitokea tumeletewa fuwele pamoja na kiti chake, naitia gundi palepale ilipovunjikia. Hilo kila duka linafanya. Kwenye lebo hatuandiki. Mjomba anasema asiyeuliza hana haja ya kujibiwa.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba alikuja jioni moja na jiwe la kujaa viganja viwili. Mwamba mweusi wa kinywe, na juu yake fuwele ya kwatzi imesimama peke yake, nyeupe kama maji, urefu wa kidole cha kati, pembeni savoraiti ndogo ndogo na diopsaidi mbili. Kwa kweli nilishika mdomo. Nikapiga picha, nikamtumia mama mmoja Mjerumani ambaye ni mteja wetu wa siku nyingi. Hakubishana bei. Akatuma nusu ya hela siku ileile, nusu nyingine akasema atalipa jiwe likishapata kibali cha kusafiri. Ile nusu ya kwanza ikalipa ada ya mdogo wangu, yuko chuo mwaka wa pili.

Wakati wa kufungasha nikaona kwenye shina la kwatzi mstari mwembamba mweupe. Nikadhani ni kalsaiti. Nikachovya pamba kwenye asetoni nipanguse. Anti, fuwele ikacheza. Nikaivuta taratibu, ikatoka mkononi. Chini yake kuna tundu la mviringo limetobolewa na drili, na kitako cha kwatzi kimekatwa bapa kwa msumeno wa kukatia mawe. Fuwele ile haikuzaliwa pale. Tena inafanana sana na zile za Madagaska tulizokuwa nazo kwenye droo mwaka juzi, na mimi kwenye lebo nimeandika Mirerani.

Nikairudisha kwa gundi ileile. Sikumwambia mtu.

Juzi yule mama kaniandikia. Anasema kabla hajamalizia malipo angeomba picha ya shina la kwatzi chini ya taa ya zambarau, aina ile wanayokagulia noti, na anauliza kama kuna sehemu imeungwa. Hajauliza kwa ubaya, kwenye mawe makubwa huwa anauliza. Huyu mama ndiye aliyenitumia lenzi yangu ya kwanza. Majina ya madini nusu nimefundishwa na yeye. Ananiita binti yangu.

Nikimwambia ukweli namchoma mjomba wangu mwenyewe kwa mgeni. Jina lake likiharibika huko Ujerumani, biashara imekwisha, maana wale wote hukutana kwenye maonyesho ya Munich kila mwezi wa kumi na wanaambiana. Hela imeshaliwa, ya kurudisha haipo. Mdogo wangu atarudi nyumbani. Nikidanganya, nitakuwa nimemdanganya mtu aliyenipa macho ya kuona mawe. Na mjomba nikimuuliza najua jibu lake. Siku moja nilimuuliza kuhusu jiwe jingine akaniambia, "Mzungu ananunua uzuri. Laizer yule mchimbaji alipata tanzanaiti ya kilo tisa, mimi Mungu kanipa gundi." Akacheka, nami nikacheka.

Ujumbe wa yule mama bado sijaujibu. Kila nikifungua simu naona anajua kwamba nimeusoma. Nifanye nini?

Muosha Mawe, Arusha


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiacha, nikairudia. Halafu nikampigia mzee mmoja ninayemfahamu, ameuza mawe miaka mingi na sasa amepumzika, ili nisije nikakujibu kwa hisia tupu. Jina lako sikumpa, wala mji sikuutaja. Nilimuuliza habari za gundi tu, akaongea karibu saa nzima.

Kwanza nikuambie nilivyokuelewa. Mjomba amewalea, naye ndiye aliyeleta jiwe. Umegundua kwatzi imepachikwa kwenye mwamba usio wake, na lebo yenye neno Mirerani ni mwandiko wako. Mteja anayekuamini ameuliza swali la moja kwa moja, na sehemu ya hela yake iko chuoni kwa mdogo wako. Unaona njia mbili tu, kumsaliti mjomba au kumdanganya yule mama. Ukimya wako wa siku hizi umekuwa njia ya tatu, nayo inakula usingizi.

Kabla ya kugusa njia hizo, kuna mambo umeyaandika kama unayajua, nami sina hakika kama unayajua au unayaogopa.

La kwanza ni mjomba mwenyewe. Rudia barua yako: hakuna mahali unaposema ulimwona akitoboa. Alikuja na jiwe jioni, basi. Yule mzee aliniambia mawe ya kubandikwa hayatengenezwi dukani tu, mengi yanaingia sokoni yakiwa yameshabandikwa, na dalali mwenye haraka hununua kwa tochi bila kupindua. Moroko kuna watu ambao ufundi wao ndio huo, wanabandika fuwele kwenye mwamba na kupaka rangi mageodi (mawe yenye uwazi uliojaa fuwele ndani), na wakusanyaji wenye uzoefu hunaswa. Huenda mjomba naye aliuziwa. Huenda ni yeye kweli, na utani ule wa gundi unanifanya nisite. Lakini kufanana na kwatzi za Madagaska si ushahidi wa kumhukumu mtu, maana kwatzi nyeupe za Madagaska zimejaa dunia nzima. Swali "hili jiwe ulilipata wapi, mjomba?" hujamuuliza. Umejiuliza na kujijibu kwa niaba yake.

La pili, umeweka kuunga na kubandika kwenye kapu moja, ndiyo maana unajiona mchafu kuliko ulivyo. Fuwele iliyovunjwa na baruti ikarudishwa kwenye kiti chake, mipasuko ikakutana, hiyo ni tiba. Wakusanyaji wanaikubali, wengine hawapunguzi hata bei sana ikiwa jiwe ni adimu, ila wanataka waambiwe. Kutoboa mwamba na kupanda fuwele ya mahali pengine ni kitu kingine kabisa. Kazi yako wewe, kwa ulivyoieleza, ni ile ya kwanza. Kinachokosekana kwenye hiyo ni neno moja tu kwenye lebo.

La tatu ni hili la "mzungu ananunua uzuri". Sentensi hii ndiyo imekaa katikati ya biashara yenu, na naona mjomba anaiamini kwa moyo mmoja, kwa hiyo nisiipite haraka.

Kwa mawe ya kukatwa mjomba ana hoja. Tanzanaiti karibu yote ya buluu inayouzwa madukani imechomwa kwenye joto la nyuzi kama 500 hadi 600, ilitoka ardhini ikiwa na ukahawia, na hakuna anayelia, kwa sababu wauzaji na wanunuzi wote wanajua. Amethisti nyingi huchomwa ikawa ya njano na kuuzwa kama sitrini. Huko uzuri ndio bidhaa. Mkusanyaji wa spesimeni ananunua jambo jingine: ananunua ujirani. Kwatzi imekua kwenye ufa wa mwamba, majimoto yenye silika (ndiyo inayojenga kwatzi) yakipita, polepole mno, na jirani zake wamekua kabla yake au pamoja naye. Ndiyo maana kwatzi zenu za Mirerani ni za kijivu, kinywe kilikuwepo zikakimeza. Ukiangalia kwa lenzi yako kwenye mpaka wa fuwele mbili zilizokulia pamoja, utaona moja imeacha alama kwenye mwili wa nyingine, au kuna kifuwele kidogo kimevuka mpaka na kukaa juu ya zote mbili. Anayejua kusoma anaona nani alitangulia na nani alifuata. Kwatzi ya kupandwa inavuruga maandishi hayo yote, hata ikiwa nzuri mara kumi.

Wala si mchezo wa matajiri peke yao. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza madini mapya duniani yaliyotoka hukohuko Mirerani, wakayaita merelaniiti kwa heshima ya wachimbaji wa pale. Yanaonekana kama nywele fupi za rangi ya fedha iliyofifia, yamejishika kwenye mawe ya aina unayoosha wewe, pamoja na tanzanaiti, prehnaiti, kwatzi, kalsaiti na kinywe. Nywele za namna hiyo mswaki mmoja unaziondoa. Zilijulikana kwa sababu kuna mawe yalifika mikononi mwa wataalamu na majirani zake wote wakiwa bado wamekaa pale walipoota, na lebo ikisema kweli yalikotoka. Sikusimulii haya ili ujilaumu. Nakusimulia kwa sababu siku ukizungumza na mjomba, neno "uongo" litamfanya ajifunge kama kobe, ila "yule mama hanunui uzuri, ananunua majirani" ni mazungumzo ya kibiashara, na mjomba ni mfanyabiashara.

Haya, tuje kwenye njia zenyewe.

Unaweza kuanza na mjomba, peke yenu, kabla hujamjibu mteja. Kwa malezi yetu ndiyo njia ya kwanza kumjia mtu akilini, na ina heshima yake: hujamvua nguo mbele ya mgeni. Hatari yake ni kwamba anaweza kukuamuru. Akishasema "mjibu hakuna kitu", utakuwa na amri mkononi ambayo hukuwa nayo jana, na kuivunja kutakuwa kuzito kuliko kukaa kimya. Kwa hiyo ukienda, usiende kuomba ruhusa. Nenda na habari: fuwele ilitoka kwenye asetoni, chini kuna tundu, mteja ameomba picha ya taa. Umwekee jiwe mezani aone. Kisha unyamaze, yeye ndiye aseme kwanza. Kama kuna mtu anayeweza kukaa nanyi bila kuongeza moto, labda mkaza mjomba, mfikirie. Umemtaja kwa wema na nadhani kuna sababu. Ila pima pia, kuna wanaume ambao mbele ya mke ndiyo hawakubali kitu.

Unaweza kumjibu yule mama moja kwa moja. Utalala usiku huo. Lakini tazama mbele kidogo. Atauliza nani alifanya, na hujui. Atauliza mawe mengine aliyonunua kwenu, na huenda hujui vilevile. Atataka hela yake, na ni haki yake, maana Sheria yetu ya Mikataba inampa aliyedanganywa nafasi ya kuvunja makubaliano. Halafu mjomba atasikia kwa mteja kile ambacho angesikia kwako. Jeraha la hivyo kwenye familia nimeliona, halifungwi kwa kesi kwisha.

Unaweza kujibu nusunusu. Kupiga picha kwa pembe ambayo shina halionekani, au kuandika "sidhani". Hii inavutia kwa sababu haionekani kama uongo. Nitakuambia ninachokiona hapo. Gundi nyingi chini ya taa ile zinawaka rangi ya maziwa yenye ubuluu. Zipo zisizowaka, na kuna kalsaiti na madini mengine yanayowaka yenyewe bila gundi yoyote, kwa hiyo picha peke yake si hakimu. Ila jiwe likifika Ujerumani, yule mama atafanya ulichofanya wewe. Pamba na asetoni anavyo. Fuwele ikimtoka mkononi, atakumbuka kwamba aliuliza, na atakumbuka ni nani alijibu. Aliyeandika ni wewe, simu ni yako, lebo ni mwandiko wako. Mjomba anaweza kusema aliuziwa hivyo. Wewe utasema nini? Na jiwe hilo bado linapita kwa maofisa wa madini kuthaminiwa kabla ya kibali, likiwa na maelezo kwenye karatasi. Sikutishi, nakuonyesha tu kwamba nusunusu si salama kama inavyojifanya.

Ipo pia njia ya kuomba muda, na nashangaa hujaiona, labda kwa sababu alama za kusomwa kwenye simu zinakukimbiza. Hakuna aliyesema ujibu swali zima leo. Unaweza kumwandikia: "Mama, samahani kwa kuchelewa. Nilipolikagua nimeona shina la kwatzi halijanipendeza, nataka kulichunguza na mjomba kabla hujalipa chochote zaidi. Tafadhali usitume hela kwa sasa." Kila neno hapo ni kweli. Hujamtaja mtu, hujahukumu mtu, na umemzuia asiingie zaidi. Udhaifu wake ni kwamba muda huisha. Ukiutumia kujificha, wiki ijayo utakuwa palepale na mteja ameanza kunusa. Na yule mama ni mzoefu, anaweza kuelewa yote kutokana na ujumbe huo mfupi. Ujue hivyo kabla hujabonyeza.

Baada ya hapo kuna njia za kibiashara ambazo mjomba anaweza kuzikubali kuliko unavyofikiri. Jiwe linaweza kutenganishwa: mwamba wa kinywe wenye savoraiti na diopsaidi, kama hizo hazikubandikwa (zikague nazo kwa lenzi, mwanangu, aliyepanda kimoja hashindwi kupanda vitatu), bado ni spesimeni ya haki kwa bei yake, tundu likitajwa. Kwatzi inauzwa peke yake, na lebo isiyoitaja Mirerani mpaka mjue ilikotoka. Yule mama anaweza kupewa mawe mengine ya thamani ya hela aliyokwisha kutuma. Kuna wateja hukubali kubadilishiwa kuliko kurudishiwa, hasa muuzaji akisema mwenyewe kabla hajakamatwa. Wengine hawakubali. Huyu unamjua wewe, mimi simjui.

Unaogopa jina la mjomba kule Munich, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu wakusanyaji kweli huambiana. Ila wanaambiana pande zote. Mzee wangu alisema kuna wauzaji ambao mawe yao hununuliwa kwa picha tu, bila maswali, kwa kuwa siku moja walimrudishia mtu hela yake bila kuombwa. Hakuniambia kwamba hutokea hivyo kila mara. Aliniambia pia habari za mtu aliyesema ukweli akapoteza mteja mkubwa, na hakuwahi kumpata tena.

Sasa mdogo wako. Umeandika kwamba atarudi nyumbani, kana kwamba ni hesabu iliyofungwa. Mjomba aliwahi kusema atakata ada mkizozana? Mtu aliyewaongeza wawili kwenye vyumba viwili vyenye wanne, je, ndiye anayemtoa kijana chuoni kwa hasira ya jiwe moja? Labda ndiye, watu hubadilika wakibanwa na hela. Lakini naona umebeba mzigo huu bila hata kumwuliza mwenye nao. Kijana wa mwaka wa pili chuoni si mtoto tena. Bodi ya Mikopo hufungua dirisha la maombi na kuna nafasi kwa wanafunzi wanaoendelea na masomo. Aulize chuoni kwake mapema, si siku ada itakapokwama. Na akijua hali ilivyo, huenda akawa na neno la kukuambia ambalo mimi sina.

Kuhusu wewe mwenyewe, nina neno dogo. Kwenye barua nzima unajiita muoshaji, lakini unatambua madini kwa macho, unaona mstari wa gundi wenye upana wa uzi, unaongea na wakusanyaji kwa lugha yao. Hapo Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachofundisha elimu ya vito. Sikuambii uondoke kwa mjomba. Nakuambia tu kwamba mtu mwenye cheti chake mwenyewe huongea na mjomba wake kwa sauti tofauti na yule anayehofia kufukuzwa jioni. Kama uamuzi wako utakuwa kubaki, unaweza kuanzia mahali padogo ambapo ni mamlaka yako tayari, yaani lebo. Kwenye mawe unayoyaunga wewe, andika "imeungwa". Mjomba anaweza kukasirika, anaweza pia asione kwa miezi. Lakini utakuwa umejua msimamo wake kwenye jambo jepesi kabla ya lile zito, au, kama mmeshazungumza lile zito, mtakuwa na pa kuanzia.

Na hiyo asidi. Umeitaja kwa kupita kama mtu anayetaja sabuni. Kama ni ile ya oksaliki mnayotolea kutu, ni sumu na inaumiza figo. Kama ni ile kali zaidi, mvuke wake peke yake unachoma kifua. Osha nje penye hewa, vaa glavu na miwani, na chombo kisirudi jikoni. Kwatzi itavumilia. Kalsaiti iliyo jirani yake asidi kali inaila palepale, hilo unalijua kuliko mimi.

Ukishaliweka jiwe mezani mbele ya mjomba, niandikie alichosema alipoliona lile tundu. Nadhani tutakuwa na mengi ya kuongea kuanzia hapo.